Uaminifu Peke Yake Hautoshi: Tunachojifunza katika Kazi ya Profesa Benno Ndulu



Kanuni ya 494 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai kila jimbo liwe na mtunza hazina wake, na inamtaka awe na sifa mbili: awe mjuzi wa kweli wa mambo ya uchumi, na awe mwadilifu asiyetiliwa shaka. Sifa hizo mbili zimewekwa pamoja kwa makusudi. Lakini katika mazungumzo yetu, hata hapa seminarini, mara nyingi tunaitaja ile ya pili na kuisahau ya kwanza. Anapochaguliwa mweka hazina wa kigango, swali letu huwa ni moja: je, ni mtu mwaminifu? Ni nadra kusikia mtu akiuliza: je, anajua kusoma taarifa ya benki?

Tunaandika makala hii kusema kwamba swali moja bila la pili ni hatari, na kwamba malezi ya mapadre wetu hayana budi kulichukua jambo hili kwa uzito. Ili tusiongee hewani, tumechagua kutazama maisha ya kazi ya Mtanzania mmoja, Profesa Benno Ndulu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia Januari 2008 hadi Januari 2018, na aliyefariki dunia Februari 2021. Hatumtangazi kuwa mtakatifu, na mbele tutaona kwamba miaka yake haikukosa mambo mazito ya kuulizwa. Tunamtazama kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza mali ya wengine, na hiyo ndiyo kazi itakayomwangukia kila frateri atakayepewa parokia.

Malezi ya muda mrefu

Benno Ndulu alizaliwa mwaka 1950. Alipata shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1979, kisha akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na hazina ilikuwa imekauka. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni, sukari na kanga vilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma. Viwanda vilisimama kwa kukosa vipuri, na vipuri havikuja kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuvinunulia.

Ndulu na wenzake walilichunguza tatizo hilo darasani na katika maandiko yao. Walionyesha jinsi uhaba wa fedha za kigeni unavyofunga viwanda, jinsi viwanda vilivyofungwa vinavyopunguza mauzo ya nje, na jinsi mauzo yakipungua uhaba unavyozidi. Haikuwa elimu ya kutafuta cheti. Nyumba ya mwalimu nayo ilikuwa kwenye foleni ile ile ya sukari.

Baadaye alikwenda Nairobi kuitumikia taasisi ya utafiti wa uchumi barani Afrika ijulikanayo kwa kifupi kama AERC, iliyoanzishwa mwaka 1988, na akafikia kuwa mkurugenzi mtendaji wake. Kazi ya taasisi hiyo ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuitenda: kuwawezesha wachumi wa Kiafrika kuchunguza matatizo ya nchi zao wenyewe, kwa vigezo vinavyoheshimika popote, badala ya kusubiri wageni waje na majibu. Wengi waliopita katika programu zake wakawa wahadhiri, watumishi wa wizara za fedha na wa benki kuu za bara letu.

Mwaka 1995 alikuwa mmoja wa washauri watano wa kujitegemea, chini ya uenyekiti wa Profesa Gerald Helleiner wa Kanada, walioombwa kuchunguza uhusiano uliokuwa umeharibika kati ya Tanzania na nchi wafadhili. Mtanzania mwingine katika kundi hilo alikuwa Profesa Ibrahim Lipumba. Ripoti yao haikumpendelea mtu. Iliwaambia wafadhili kwamba wanaingilia mno mambo ya ndani na kutaka kuendesha kila kitu wenyewe. Iliiambia serikali kwamba inakusanya kodi kwa ulegevu na haijashika usukani wa mipango yake. Ni rahisi kumwambia ukweli mtu mmoja huku umesimama upande wa mwingine. Kuwaambia ukweli wote wawili kwa siku moja kunahitaji kwanza uwe umeyasoma mahesabu vizuri.

Akafanya kazi pia Benki ya Dunia. Mwaka 2007 akateuliwa kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu ya nchi yake. Tunasimulia hatua hizi kwa sababu moja: alipofika kwenye kiti cha hazina alikuwa na miaka karibu 30 ya maandalizi. Sisi tunatumia miaka mingi kumwandaa padre katika falsafa na teolojia, na ni haki. Je, ni saa ngapi katika miaka hiyo tunazotumia kumwandaa kwa fedha za waumini atakazokabidhiwa mwezi wake wa kwanza parokiani?

Akaunti ya deni la zamani

Siku aliyokuwa Gavana ilikuwa siku ya aibu kwa Benki Kuu. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba, katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilikuwa zimelipwa isivyo halali kwa kampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje, ile iliyojulikana mitaani kama EPA.

Inafaa tueleze akaunti hiyo ilikuwa nini, maana inarudi kwenye foleni zile za sukari. Katika miaka ya uhaba, mfanyabiashara wa Tanzania aliyeagiza bidhaa nje alilipa shilingi zake benki hapa nyumbani, akasubiri benki imtafutie fedha za kigeni za kumlipa yule muuzaji wa ng'ambo. Fedha hizo hazikupatikana. Madeni yakarundikana, yakaja kusimamiwa na Benki Kuu. Miaka ikapita, baadhi ya wadai wakafa, kampuni nyingine zikafungwa, nyaraka zikachakaa. Ndipo watu wenye akili ya hila walipoona nafasi. Walikuja na karatasi za kudai kwamba wamerithishwa madeni yale, na wakalipwa.

Hivyo yule aliyeuchunguza uhaba akiwa mwalimu kijana alikuja kusafisha uchafu uliotokana na uhaba ule ule. Sehemu ya fedha ilirejeshwa na baadhi ya watuhumiwa walifikishwa mahakamani.

Angalia vizuri wizi ule ulipitia wapi. Haukuvunja mlango wala kufyatua risasi. Ulipitia katika faili la zamani ambalo hakuna aliyelijali tena, na katika saini za watu ambao ama hawakuuliza au walijua na wakanyamaza. Kila taasisi ina faili kama hilo. Parokia nazo zinalo: michango ya jengo lililosimama miaka kumi iliyopita, mfuko wa rambirambi ambao salio lake linajulikana na mtu mmoja, kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la mtu badala ya jina la wadhamini waliosajiliwa. Fedha ambayo haina mtu wa kuiulizia ndiyo inayoibwa kwanza.

Bei ya unga na mshahara wa katekista

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inaitaja kazi kuu ya benki hiyo kuwa ni kulinda utulivu wa bei. Kwa watu wengi maneno hayo ni ya wataalamu, hayawahusu. Tujaribu kuyashusha hadi jikoni.

Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8. Maana yake, bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 10,000 mwaka mmoja kabla ilikuwa sasa inadai karibu shilingi 12,000. Ukame ulikuwa umepandisha bei ya chakula, umeme ulikuwa wa mgawo, mafuta yalikuwa ghali duniani, na shilingi ilikuwa imeporomoka mbele ya dola. Mwenye nyumba za kupangisha alipandisha kodi. Mwenye duka alibadilisha bei asubuhi. Lakini katekista anayepewa posho ile ile kila mwezi, mjane mwenye akiba kwenye kibubu, mstaafu wa shule ya msingi, hao hawakuwa na pa kupandisha. Walichukuliwa karibu sehemu ya sita ya thamani ya fedha yao bila mtu kuingia ndani ya nyumba.

Ndiyo maana tunasema mfumuko wa bei ni suala la haki, na wanaoumia kwanza ni maskini. Benki Kuu ilikaza mzunguko wa fedha, na hatua hiyo nayo ina maumivu yake, kwa sababu mikopo huwa ghali na wafanyabiashara hulalamika. Gavana katika hali hiyo hapendwi na mtu. Anayeumwa na dawa humlaumu mganga, na yule ambaye akiba yake imeokolewa hajui kwamba kuna aliyemwokolea. Kwa msaada wa mavuno mazuri na bei ya mafuta kushuka, miaka ya mwisho ya utumishi wa Ndulu mfumuko ulikuwa umerudi kwenye asilimia 5 hivi.

Kazi nyingi za kichungaji ziko hivyo. Padre anayekataa kuanza ujenzi wa ukumbi mpaka deni la kanisa lilipwe hatapigiwa vigelegele. Katika kitabu kikubwa cha utafiti kuhusu ukuaji wa uchumi wa Afrika tangu 1960 hadi 2000, ambacho Ndulu alikuwa mmoja wa wahariri wake, moja ya magonjwa yaliyotajwa kuzirudisha nyuma nchi zetu ni matumizi ya pupa yasiyoweza kudumu: nchi inapata mapato mazuri ya muda mfupi, inaanzisha miradi kana kwamba neema ile haina mwisho, kisha inabaki na madeni na magofu. Tunaomba msomaji asitafute mfano mbali. Ni parokia ngapi zina kuta zilizoishia kwenye linta?

Simu ya kiganjani

Jambo ambalo pengine litakumbukwa zaidi katika muongo ule ni fedha kwa njia ya simu. Mwaka 2008, miezi michache tu baada ya Ndulu kushika ofisi, huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania. Hakukuwa na sheria ya jambo hilo. Kampuni ya simu si benki, na sheria za kibenki hazikuiandikia chochote. Gavana alikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuzuia mpaka sheria itungwe. Ya pili ni kuacha kila mtu afanye atakavyo.

Benki Kuu ilichukua njia ya tatu. Ilitoa barua za kutokuwa na pingamizi, kwa masharti. Sharti kubwa lilikuwa kwamba kila shilingi iliyomo kwenye simu ya mteja iwe na shilingi halisi iliyowekwa katika akaunti ya dhamana kwenye benki iliyosajiliwa, ili kampuni ikianguka fedha ya mteja isianguke nayo. Benki Kuu ikaendelea kutazama, kujifunza na kurekebisha. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilikuja mwaka 2015, ikiandikwa na watu ambao tayari walijua kitu kile kinavyofanya kazi.

Matokeo yalionekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 ni 16 tu waliotumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2017 idadi hiyo ilikuwa imefika 65. Mama lishe wa Kariakoo aliweza kumtumia mama yake fedha Rombo au Kibondo bila kumpa dereva wa basi bahasha na kusali.

Kuna jambo dogo ndani ya habari hii ambalo sisi tunalithamini kuliko takwimu zote. Fedha zile zilizokaa kwenye akaunti za dhamana zilikuwa zinazaa riba. Riba hiyo ni ya nani? Ni ya kampuni, au ni ya mama lishe aliyeacha shilingi 20,000 kwenye simu yake kwa wiki mbili? Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuona riba hiyo ikigawiwa kwa wateja wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya salio lake. Kiasi kwa mtu mmoja kilikuwa kidogo. Lakini kanuni iliyosimamishwa ni kubwa: anayetunza mali ya mwingine hana haki ya kujilimbikizia faida yake kimya kimya, hata kama mwenye mali hajui kwamba faida ipo.

Hapo ndipo ujuzi na uadilifu vinapokutana. Mtu mwema asiyejua kwamba akaunti ile inazaa riba asingeweza kuuliza swali lile. Mtu mjuzi asiye na dhamiri angelijua na kulinyamazia.

Pale palipouma

Tulisema hatuandiki sifa tupu. Novemba 2014 Bunge lilijadili kwa siku kadhaa akaunti ya Tegeta Escrow. Ilikuwa imefunguliwa Benki Kuu kutunza fedha zilizobishaniwa katika mgogoro wa shirika la umeme na kampuni ya kufua umeme, na zaidi ya shilingi bilioni 200 zilikuwa zimetolewa. Serikali ilikuwa imeridhia malipo hayo na ilitetea kwamba fedha zile hazikuwa za umma. Kamati ya Bunge ilisema kinyume. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akajiuzulu.

Benki Kuu ilikuwa mtunzaji wa akaunti ile. Wako wanaosema ilitekeleza tu yaliyoamuliwa na wenye mamlaka, na wako wanaosema mtunzaji alipaswa kugoma. Sisi si mahakama na hatutoi hukumu. Tunachosema ni kwamba hata taasisi yenye wataalamu wazuri, yenye barua zote kwenye faili, inaweza kujikuta imebeba swali ambalo wananchi wanaendelea kuuliza. Karatasi iliyokamilika haimalizi wajibu wa mtunza hazina.

Lakini sehemu ya habari ile inayotuhusu zaidi ni nyingine. Katika orodha ya waliotajwa bungeni kupokea mgawo wa fedha zilizotokana na malipo yale, pamoja na wanasiasa na majaji, walikuwamo pia viongozi wa dini, wakiwamo wa Kanisa letu. Kupokea msaada si kosa, na mpokeaji anaweza asijue chochote kuhusu asili yake. Hata hivyo waumini wengi waliumia, na waliuliza swali la haki: mnapopewa mamilioni, hamuulizi yametoka wapi?

Swali hilo bado halijapata jibu la kitaratibu katika maeneo mengi. Benki zinalazimika kisheria kumjua mteja na chanzo cha fedha zake. Parokia inapokea bahasha nene siku ya harambee, inampigia mtoaji makofi, inamweka kiti cha mbele, na habari inaishia hapo.

Mwanzoni mwa Januari 2018, siku chache kabla ya kumaliza utumishi wake, Ndulu alitangaza kufungwa kwa benki tano ndogo ambazo mitaji yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha sheria, zikiwamo benki za wananchi za Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Mwaka uliotangulia, Mei 2017, benki ya wananchi ya Mbinga ilikuwa imefungwa vilevile. Bima ya amana ililipa mteja hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi alilazimika kusubiri ufilisi. Benki hizo zilianzishwa kwa nia njema na watu waliopenda maeneo yao. Nia njema haikuzuia mikopo mibovu. Mkulima wa kahawa aliyeweka fedha ya mavuno pale hakudhulumiwa na jambazi. Alidhulumiwa na usimamizi dhaifu.

Tunachopendekeza

Tunajua hoja itakayotolewa. Ndugu mmoja atasema: Mitume katika kitabu cha Matendo walikataa kuacha Neno ili wahudumie meza, nanyi mnataka mapadre wawe wahasibu. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuisome habari hadi mwisho. Mitume hawakuiacha meza bila mtu. Walichagua watu saba, na sifa walizotaka zilikuwa sifa njema mbele ya watu, Roho, na hekima. Walijua wanachomkabidhi nani. Padre si lazima aandike vitabu vya mahesabu, lakini lazima aweze kuvisoma, la sivyo anayeviandika ndiye atakuwa paroko.

Kwa hiyo tunapendekeza kwanza kwa walezi wetu: pawepo kozi ya kweli ya uchumi na mahesabu katika masomo ya seminari kuu, yenye mtihani, itakayofundishwa na walei wenye taaluma hiyo. Frateri ajue bajeti ni nini, mapatano ya benki na daftari yanafanywaje, mfumuko wa bei unamfanyia nini mzee wa jumuiya yake, mkopo wa riba ya asilimia fulani kwa mwezi ni kiasi gani kwa mwaka. Hili la mwisho ni la kichungaji kabisa, kwa maana kina mama wa VICOBA na vijana wa bodaboda wanaangamizwa na mikopo ambayo hakuna aliyewasaidia kuipigia hesabu. Katika mwaka wa kichungaji, frateri akae walau miezi mitatu na kamati ya fedha ya parokia, asikilize na aulize.

Pili, kwa maparoko na halmashauri za walei: Sheria za Kanisa zimekwisha kusema. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la mambo ya fedha. Kanuni ya 1284 inataka vitabu vya mapato na matumizi vitunzwe kwa utaratibu. Kanuni ya 1287 inataka waumini wapewe hesabu ya kile walichotoa. Hatuhitaji sheria mpya. Tunahitaji karatasi moja ubaoni kila robo mwaka, kwa Kiswahili ambacho bibi wa jumuiya anakielewa: tulipokea hiki, tukatumia hiki, kimebaki hiki, kiko benki fulani, na wanaoweka saini ni hawa.

Tatu, pawepo mwongozo wa kila jimbo kuhusu zawadi kubwa. Uweke kiwango ambacho kikivukwa, zawadi hiyo ijadiliwe na baraza la fedha kabla ya kupokelewa, chanzo chake kiulizwe kwa heshima, na jina la mtoaji liandikwe. Mtoaji mwema hataona vibaya. Atakayeona vibaya atakuwa ametusaidia kujua.

Na kwa ninyi waumini, tunaomba jambo moja. Msiwaachie mapadre mzigo huu kisha mkawanung'unikia nyuma ya kanisa. Katika kila parokia yupo mwalimu wa hesabu aliyestaafu, karani wa benki, mhasibu wa halmashauri, mama aliyeendesha duka miaka 20 bila kufilisika. Mfuateni paroko wenu mkamwambie mko tayari. Benno Ndulu angeweza kubaki ng'ambo na elimu yake. Alirudi, akakubali kukaa mahali ambapo lawama ni nyingi kuliko shukrani.

Katika mfano wa talanta, yule mtumishi wa tatu hakuiba. Alirudisha talanta nzima, haikupungua. Kosa lake lilikuwa kuifukia ardhini kwa sababu ya hofu na uvivu wa kujifunza la kuifanyia. Bwana wake hakumwita mwizi, bali alimwita mbaya na mlegevu. Tunawaomba mafrateri wetu wakisome kifungu hicho tena, na safari hii wakisome wakiwa na daftari la mahesabu la parokia pembeni.